Pwani ina mlakasa, ua la Marekani libaki kwao

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye hoteli, watunza bustani na masheha wa shehia za pwani, Unguja na Pemba. Kuna ua la manjano la fukwe za Marekani ambalo picha zake zinazunguka kwenye simu, na kila msimu huja mtu kitaluni kwetu, tunakootesha miche ya pwani, kuuliza mbegu zake zitaagizwaje, azipande mbele ya hoteli ambako mchanga unaliwa na mawimbi. Jibu letu ni lile lile: zisiagizwe. Ua hilo lina kwao, na kazi anayotaka lifanye, mlakasa wetu, ule mmea unaotambaa juu ya mchanga wa pwani, unaifanya vizuri zaidi, tena bila gharama ya mbegu.

Tuanze na ua lenyewe, maana wengi wanalitaka bila kulijua. Jina lake la kitaalamu ni Solidago sempervirens. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake kijani daima. Wenyewe huliita kwa jina lenye maana ya fimbo ya dhahabu ya pwani, kwa sababu shina lake husimama wima na kileleni hubeba mashada ya maua madogo madogo ya manjano, mamia kwa mamia. Urefu wake huanzia gotini na huweza kufika mita 2. Majani ni mazito, laini, hayana meno pembezoni na yana unyevu ndani yake, ndiyo maana hayaungui kwa rasharasha za maji ya chumvi. Wakati wa baridi shina hukauka, lakini majani ya chini, yaliyolala kwa duara juu ya ardhi, hubaki.

Kwao ni pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini: kuanzia mashariki ya Kanada, kupitia Cape Cod na Long Island, mpaka Florida na Ghuba ya Meksiko. Huota juu ya matuta ya mchanga, kwenye kingo za mabwawa ya chumvi, hata kwenye nyufa za miamba inayorushiwa maji na mawimbi. Limeingia pia bara kwa kufuata kando za barabara kuu, kwa sababu barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mimea mingine ikifa kwa chumvi hiyo, lenyewe hustawi. Huchanua baina ya Agosti na Novemba, wakati maua mengi ya kule yamekwisha. Nyuki huweka akiba ya mwisho kutoka kwake, na wale vipepeo wa rangi ya chungwa wanaohama kila mwaka kwenda milima ya Meksiko hutua juu yake kujaza matumbo. Limesingiziwa kuwa chavua yake huwapa watu mafua ya mzio, na hilo si kweli: chavua yake ni nzito na inanata, huchukuliwa na wadudu, haipeperuki. Anayesababisha mafua hayo ni mmea mwingine unaochanua wakati huo huo.

Kwa hiyo si ua baya. Kule liliko ni nguzo ya tuta la mchanga, na tunaliheshimu kwa kazi hiyo. Lakini lipime na kwetu.

Jamaa hii ya Solidago huongozwa na urefu wa siku. Boston, siku ndefu kuliko zote inapita saa 15, na fupi ni kama saa 9. Mmea hurefuka wakati siku ni ndefu, kisha siku zikipungua hupata ishara ya kuchanua. Unguja ipo nyuzi 6 kusini ya ikweta. Tofauti ya siku yetu ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Wanaolima ndugu zake kwa ajili ya maua ya kukata karibu na ikweta huwawashia taa usiku ili mashina yarefuke kwanza, la sivyo huchanua yakiwa mafupi. Nani atawasha taa ufukweni ili ua lirefuke, na kasa apotee njia kwa taa hizo hizo?

La pili linatutia wasiwasi zaidi. Mbegu zake ni ndogo mno, kila moja ina manyoya kama sufi, na upepo huzichukua mbali. Ndugu yake mmoja, Solidago canadensis, alipelekwa Ulaya kama ua la bustani. Leo amefunika mashamba na kingo za mito huko, na China vile vile, na kumng'oa ni kazi isiyokwisha kwa sababu kila kipande cha mzizi kinachosalia ardhini huchipua. Huenda huyu wa pwani angekufa hapa kwa joto. Huenda asingekufa. Jaribio la namna hiyo halifanywi kwenye kisiwa. Sisi tuna ushahidi unaolia juu ya mapaa yetu kila asubuhi: kunguru waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, na walishavuka bahari wakatapakaa mwambao. Mbegu inayoingia kwenye mkoba bila kupita kwa afisa wa karantini ya mimea, bandarini au uwanja wa ndege, ni kosa, hata kama aliyeibeba alitaka kupendezesha tu.

Anayetaka rangi ya manjano, ainame aangalie mchanga anaoukanyaga. Kuna mmea mdogo, Launaea sarmentosa, ndugu wa karibu wa mchunga tunaoupika, na kwa ukoo wa mbali ni jamaa moja na hilo ua la Marekani. Hutambaa kwa uzi mwembamba juu ya mchanga, na kila baada ya kiasi cha shubiri huweka kitako cha majani membamba yaliyolala kwa duara. Katikati ya kila kitako hutoka ua la manjano lenye ukubwa wa sarafu. Ukikata jani hutoka utomvu mweupe, mchungu kama wa mchunga. Maldivi majani yake huliwa mboga. Kuuhamisha ni rahisi: chimba kamba yenye vitako vitatu pamoja na mizizi yake, ifukie kamba na uache vitako juu, mwagilia. Hauzuii mawimbi, lakini mchanga mwepesi unaopeperushwa na upepo huushika vizuri sana.

Kazi kubwa ni ya mlakasa, Ipomoea pes-caprae. Hilo jina la Kilatini maana yake ni unyayo wa mbuzi, kwa jinsi jani lilivyopasuka ncha likawa na pande mbili kama kwato. Ua lake ni la zambarau-waridi, mfano wa tarumbeta, hufunguka alfajiri na kufikia alasiri limenyauka, kesho linachanua jingine. Wengi wanajua hayo. Wasichokitazama ni upande wa chini. Shika shina lake moja linalotambaa, ligeuze taratibu: kwenye kila kifundo utaona vichunusi vyeupe, ukubwa wa punje ya mtama. Hiyo ni mizizi inayosubiri. Kifundo kikifunikwa na mchanga wenye unyevu, vichunusi vile hushuka chini vikawa mizizi kamili. Kikifunikwa zaidi, shina huchipua juu na kutambaa tena juu ya mchanga mpya. Ndiyo siri yake nzima. Mchanga ukija haumuui mlakasa, humpandisha. Shina moja hufika mita 10 na kupita, kwa hiyo mmea mmoja huwa umejishona mahali makumi. Ukuta wa mawe hauna uwezo huo: wimbi likiupiga hurudi na nguvu yake, hukomba mchanga wa mbele, mwisho msingi wa ukuta unabaki wazi.

Sasa namna ya kupanda, na hapa ndipo penye makosa mengi.

Kwanza mstari. Usipande kwa kukisia. Bamvua, yaani maji yanapojaa sana, zilizo kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, pale mchana na usiku vinapolingana. Baadhi ya miaka maji hayo hutangulia au huchelewa kidogo. Nenda siku ya pili ya bamvua hiyo, utafute ule mstari wa majani ya bahari, vijiti na makumbi ulioachwa na maji. Piga vigingi hapo. Mstari wa kwanza wa kupanda uwe mita 3 hadi 5 juu ya hapo. Waliopanda kwa kuangalia maji mafu, yale yasiyojaa sana, wamepoteza kazi yote usiku mmoja.

Pili msimu, na hapa tunatofautiana na wanaosema kila kitu kipandwe masika. Pwani ya mashariki ya Unguja, kwa maana ya Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu na kuendelea juu, hupigwa uso kwa uso na upepo wa kusi. Ukipanda Aprili, mvua utaipata, lakini kusi linaanza mizizi ikiwa haijashuka. Huko panda vuli, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, baada ya bamvua kubwa kupita. Mmea hupata miezi mitano au sita kabla ya kusi. Gharama yake ni kumwagilia Januari na Februari, jua la kaskazi likiwa kali; gharama hiyo ilipwe. Fukwe za magharibi, zinazokingwa na kisiwa dhidi ya kusi, masika ni sawa, na mvua hukufanyia kazi ya ndoo. Pemba sehemu kubwa ya pwani ni mikoko na majabali, hakuna la kupanda hapo ila kuiacha mikoko. Penye mchanga wazi kama Vumawimbi, upande wa Kigomasha, mlakasa upo wenyewe. Usiguswe.

Tatu vipande. Chagua shina lenye unene wa penseli, sehemu ya katikati. Ncha ni laini mno, huoza. Sehemu ya nyuma iliyokuwa mti huchelewa kutoa mizizi. Kata sentimita 40 hadi 50, kiwe na vifundo vinne au vitano. Kata asubuhi, funga kwenye gunia lililoloweshwa, weka kivulini, panda siku hiyo hiyo. Ondoa majani yote ila mawili ya mbele, kwa sababu kipande kisicho na mizizi hakiwezi kunywesha majani mengi. Chimba kifereji cha kina cha sentimita 10 hadi 15, ufikie mchanga wenye unyevu. Laza kipande, vifundo vitatu viwe chini, ncha ielekee baharini kwani huko ndiko mmea unakotaka kwenda. Kanyaga kwa mguu mchanga ushikane. Nafasi ni mita 1 kila upande, safu ya pili ikae kwenye mapengo ya safu ya kwanza. Ufukwe wa mita 100 kwa safu tatu unataka vipande 300. Ongeza 60 kitaluni vya kuziba vitakavyokufa.

Na vipande hivyo visikatwe ovyo. Kutoka kwenye zulia la mlakasa kata shina moja katika kumi, tena upande wa nchi kavu. Mashina yanayotangulia baharini yaachwe, hayo ndiyo yanayopokea wimbi. Tumeona mtu anavua nguo ufukwe mmoja ili kuvisha mwingine.

Mbegu ni njia ya pili, ya subira, lakini mche wa mbegu una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, jambo ambalo kipande hakina. Tunda lake likikauka na kuwa kahawia lina mbegu nne, zenye vinyweleo laini kama mahameli. Ganda lake ni gumu na halipitishi maji. Ndivyo inavyoelea baharini miezi na kuota ng'ambo. Ukizipanda hivyo hivyo utasubiri sana. Sugua ubavu wa mbegu kwa msasa, upande ulio mbali na kitovu, mpaka uone weupe kidogo tu. Ukizidisha unaua kiini. Loweka kwenye maji baridi usiku kucha. Zilizovimba mara mbili panda kina cha sentimita 1 hadi 2. Zisizovimba sugua tena. Kwa chombo sisi tunapendelea kifuu kilichotobolewa chini, au kiriba kirefu, maana mzizi hautaki kujikunja. Mchanganyiko ni mchanga mara tatu kwa udongo wa majani yaliyooza mara moja. Samadi usitie. Mlakasa uliolishwa samadi hutoa majani makubwa na mizizi ya juu juu, ukitolewa nje upepo wa kwanza unaulaza. Wiki ya sita hadi ya nane upandwe, baada ya kuuanika wiki mbili mahali pasipo kivuli.

Maji ya kumwagilia yaonjwe. Visima vingi karibu na ufukwe vina chumvi, na ingawa mlakasa mkubwa unaivumilia, kipande kisicho na mizizi hakiwezi. Ukihisi chumvi ulimini, tafuta maji mengine kwa wiki tatu za mwanzo: lita 1 au 2 kwa kila shimo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya hapo punguza, ili mizizi ishuke kutafuta.

Yanayoharibu baada ya kupanda ni machache na yote yana dawa. La kwanza ni reki. Kila asubuhi wafanyakazi hukwangua majani ya bahari na mabaki ya mwani ili mgeni aone mchanga mweupe, na hapo hapo huondoa mbolea ya mimea ya pwani na kizuizi cha kwanza cha mchanga. Plastiki iokotwe kwa mkono. Majani yaachwe, angalau yale ya juu ya mstari wa bamvua. La pili ni njia. Watu lazima wafike baharini, basi wapewe njia moja ya upana wa mita moja na nusu, ikate ufukwe kimshazari. Njia iliyonyooka huwa mfereji wa upepo, mchanga wote unatokea hapo. Pande zote mbili zuia kwa makuti yaliyochomekwa, urefu wa goti unatosha. Penye kasa wanaopanda kutaga, kama visiwa vya Misali na Mnemba, usipande kabisa. Mizizi huweza kuingia kwenye mayai, na mimea iliyopo hapo imejipanga yenyewe.

La tatu ni mlangamia. Zile nyuzi za manjano au kijani, hazina majani, zimetambaa juu ya mimea kama tambi zilizomwagika. Hauna mizizi ardhini. Hunyonya kwa vijiti vidogo vinavyotoboa shina la mwenzake. Ukiuvuta tu, kipande kinachobaki kinaendelea. Kata sehemu yote ya mlakasa iliyokamatwa, ubebe kwenye gunia mpaka nje ya ufukwe, ukachomwe. Fanya hivyo kabla haujazaa vile vitunda vyake vidogo vya mviringo.

Na mivinje. Inapendwa kwa kivuli, na hatusemi ikatwe. Lakini kuipanda mstari wa mbele ni kosa. Majani yake yaliyoanguka hufunika mchanga kama mkeka, chini yake hauoti mlakasa wala kitu kingine, na mizizi yake hukaa juu juu; mawimbi yakichimba, mti huanguka na kubomoa tuta zima. Mvinje, mtondoo, mkungu na mkadi viwe nyuma, mita 15 au zaidi kutoka safu ya mlakasa, na katikati yao waachiwe nafasi vichaka vya pwani vyenye majani manene na ua jeupe linaloonekana kama limekatwa nusu. Vichaka hivyo ndivyo vinavyovunja upepo kabla haujafika kwenye miti, na ndivyo vinavyokatwa kwanza ili chumba kionekane bahari.

Tunamwomba sheha au mwenye hoteli anayetaka kuanza vuli hii apime mstari wake bamvua ya Septemba, ahesabu mita zake, na atuarifu kupitia ofisi ya shehia kabla ya Oktoba ili vipande vitengwe. Siku ya kuvichukua aje kabla jua halijawa kali, na gunia lililoloweshwa.

Waotesha miche ya pwani,
Kusini Unguja